Uliza Tukujibu: Watu tupo, gari hakuna

Barua za safari hii karibu zote zimetoka vijijini na karibu zote zinalia kitu kimoja, usafiri, sijui mmeambizana au ndo mvua zimewakumbusha. Nimechukua zile zenye nyama, nyingine zinazouliza kile kile nimezimezea humo humo. Majina ya watu na vijiji nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo mzee wa maswali. Mimi ni mzaliwa wa huku juu mlimani upande wa Vunjo, Kilimanjaro, kijiji cha mwisho kabisa kabla ya msitu, gari tunashukia Himo halafu ni boda mpaka juu. Sensa ya 2022 karani alikuja na kishikwambi chake akahesabu vizuri tu, ila idadi iliyotoka naiona ndogo, maana Desemba hapa watu wanajaa mpaka wanasimama nje ya kanisa na magari yanakosa pa kupaki. Sasa wakubwa wakiona namba ndogo si ndo wanatunyima barabara na daladala? Hivi tunaweza kuomba tuhesabiwe upya mwezi wa kumi na mbili? (Kijana wa Vunjo)

Marahaba kijana wangu. Nimecheka kwanza, maana ombi lako likikubaliwa itabidi Dar ipunguzwe, hao wanaokujazia kanisa Desemba makarani walishawahesabu huko Kimara na Tegeta na Mbagala, na mtu hahesabiwi mara mbili hata kama nyumba ya maana kaijenga kwao. Sensa yetu inauliza nani alilala kwenye kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, basi, haiulizi kaburi la babu yako liko wapi. Kwa hiyo namba ya kijiji chenu sio ya uongo, ni namba ya Agosti, na wewe unanisimulia mambo ya Desemba.

Na wala hamko peke yenu. Chukua mkoa mzima wa Kilimanjaro, mwaka 2012 tulikuwa watu 1,640,087, mwaka 2022 tukafika 1,861,934, yaani miaka kumi yote tumeongezeka kama laki mbili na elfu ishirini na mbili hivi, asilimia 13 na kidogo. Jirani zetu wa Arusha walikuwa 1,694,310 wakaenda mpaka 2,356,255, hiyo ni karibu asilimia 39. Nchi nzima imetoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, asilimia 37. Yaani 2012 mikoa hii miwili ilikuwa inalingana karibu kabisa, miaka kumi tu baadaye Arusha katuacha kwa karibu laki tano. Sio kwamba huku watu wameacha kuzaa, wanazaa, wanalea, wanasomesha kwa shida zote, halafu mtoto akimaliza shule anapanda basi.

Na ukikaa ukaangalia kihamba, yaani shamba la ukoo la huku mlimani, utaelewa kwa nini anapanda basi. Babu alipewa eneo, akagawia watoto wa kiume, nao wakagawa tena, leo kijana anaoneshwa migomba michache na mstari wa masale, ile mimea ya mpaka, anaambiwa hapa ndo pako. Atalima nini hapo? Anayetaka mahindi anashuka tambarare, anayetaka biashara anaenda Himo au Moshi mjini au Arusha au Dar, na kahawa yenyewe unajua ilivyowakatisha watu tamaa. Huku juu wanabaki zaidi wazee, kina mama, watoto wa shule na vijana wa boda.

Sasa nije kwenye kinachokuuma. Mwenye Hiace hajawahi kufungua ripoti ya sensa hata siku moja na hana mpango huo. Anachojua yeye ni watu wangapi wamesimama njiani saa kumi na mbili asubuhi na wangapi watapanda naye jioni. Mzee wa miaka sabini anahesabiwa mtu mmoja kwenye sensa sawa sawa na mfanyabiashara wa Himo, ila mzee anashuka mara moja kwa mwezi kwenda kliniki ya presha na yule mwingine anasafiri kila siku asubuhi na jioni, ukiwaweka kwenye gari sio watu sawa hao. Ndo maana kijiji kidogo tu kilichokaa kando ya lami kinapata magari mpaka yanagombania abiria, na kijiji kikubwa cha juu kinapata boda. Na huko juu gari likishuka asubuhi limejaa linarudi tupu, jioni linapanda limejaa linashuka tupu, mafuta yanalipwa safari zote mbili.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe nisingebishana na sensa. Idadi rasmi ukiihitaji kwa barua, ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya mgawanyo wa watu ina takwimu za kila kata, na kwa kijiji chenu nenda kwa mtendaji, ana rejesta ya wakazi, au anatakiwa awe nayo, muulize mbele za watu kama anajizungusha. Halafu fanyeni hesabu yenu wenyewe ambayo hakuna ofisi inayo. Mkaeni watu wawili na daftari pale njia panda, siku ya soko na siku ya kawaida, asubuhi mpaka jioni, andikeni wangapi wameshuka kwa mguu, wangapi kwa boda, wamebeba nini, wamelipa shilingi ngapi. Mkungu wa ndizi unalipiwa nauli yake pia, usiusahau, kina mama wa ndizi ndo abiria wa uhakika kuliko wote kijijini na hakuna anayewahesabu. Mkishajumlisha pesa zote ambazo kijiji kinawapa boda kwa wiki moja mtashtuka wenyewe, na hiyo karatasi ndo ya kumpelekea mwenye gari, yeye lugha yake ni hiyo.

Na hao wa Desemba msiwaachie hivi hivi. Wanakuja, wanachangia kanisa, wanachangia harusi, wanalalamika barabara mbovu, tarehe mbili Januari hao wameondoka. Waiteni kikao wakiwa bado wana hela waambieni safari hii tunachangia kalvati, maana gari zao za juu ndo zinakwama, boda hakwami.

Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa King'ori, Meru. Hiace zilizoandikwa jina la kijiji chetu zinaishia senta, kama kilomita nne kabla, konda anagonga bodi anasema mwisho wa gari, na nauli ameshachukua ya mpaka juu. Tukisema anajibu watu wenyewe mpo watatu. Ana haki hiyo? (Mwalimu)

Hana mwalimu. Huko ni kukatisha ruti, na ni kosa. Gari la abiria linafanya kazi kwa leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hawa walioingia mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, na leseni imetaja njia, kutoka wapi mpaka wapi. Abiria wawe watatu au awe mmoja, kalipa mpaka juu, apelekwe juu. Wewe andika namba ya gari, tarehe, saa na pale alipowashusha, dai tiketi hata kama anakuangalia vibaya, peleka ofisi ya LATRA Arusha. Malalamiko ya "kuna Hiace moja nyeupe" hayaendi popote, Hiace nyeupe ziko ngapi nchi hii.

Ila na upande wa pili nikwambie, kwa sababu mkimkamatisha bila kuuelewa ataacha ruti kabisa mbaki na boda. Yule dereva gari sio lake, jioni anadaiwa hesabu ya tajiri, hesabu haijui kama mvua imenyesha. Kilomita nne za mawe kwenda na nne kurudi kwa ajili ya watu watatu, kwake ni kipande cha tairi kimeondoka, na huku nyuma mwenzake amemuwahi abiria wa senta. Vijiji vilivyofanikiwa ninavyovijua mimi walikaa na dereva mmoja au wawili, wakakubaliana gari la kwanza la asubuhi na la mwisho la jioni lazima lifike juu, saa inajulikana, na watu wa juu nao wanalisubiri hilo, hawadandii mchomoko wowote unaopita, yaani gari dogo linalookota abiria njiani. Hapo kwenye kusubiri ndo watu wetu wanashindwa. Probox ikitokea dakika tano kabla wote wamejazana humo, Hiace ikifika inakuta mbwa tu, kesho haiji. Mchana kama gari linaishia senta, basi konda achukue nauli ya senta, hilo msilegeze.

Mimi ni mama wa Uru. Barabara yetu kila masika inakatika pale pale, wanaleta greda wanachonga inapendeza, mwezi haujaisha imerudi kuwa mto. Diwani anasema bajeti, mwenyekiti anasema TARURA, TARURA wenyewe hata ofisi yao hatuijui. Hii barabara ina mwenyewe kweli? (Mama Uru)

Inaye mama yangu, na mwenyekiti wenu kasema kweli japo kasema kwa kukukwepa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, hizi zetu za wilaya zinazoingia kwenye kata na vijiji ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, zamani zilikuwa chini ya halmashauri ndo maana diwani alikuwa anajidai nazo. Meneja wa TARURA yupo ngazi ya wilaya, ofisi ipo, anaandikiwa barua kama mtu mwingine. Ila ujue mtandao wake nchi nzima unapita kilomita laki moja na arobaini elfu na sehemu kubwa ni udongo, kwa hiyo barua yako inaingia kwenye foleni ndefu. Na hela usidhani ni ya msaada, mwaka 2021 bunge liliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za chini, ina maana hata ukipanda boda kwenda sokoni umeichangia, dai bila aibu.

Muda wa kudai nao ni muhimu, watu wanapeleka barua mwezi wa nne tope limefika magotini. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mipango inapikwa miezi mingi kabla, peleka mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na picha za masika yaliyopita, nakala kwa diwani ili akiwa kwenye baraza la madiwani asiseme hajasikia.

Sasa mama, naomba usinichukie kwa hili. Greda haiwezi kuiponya barabara yenu, ndo kwanza inaizidishia. Ikipita inakwangua, mwaka ujao inakwangua tena, mwisho barabara imekuwa chini kuliko mashamba ya pande zote mbili, na maji ya mlimani yanataka pa kupita, unategemea yapite wapi? Kilichokosekana ni mtaro, na mtaro mara nyingi ulikuwepo, nenda kauangalie. Mmoja amejaza udongo ili aingize gari kwake na hakuweka bomba. Mwingine kapanda majani ya ng'ombe mpaka ukingoni kabisa. Na mfongo wa juu, ule mfereji wa asili wa maji ya mashamba, zamu ya kumwagilia ikiisha usiku mtu anaona uvivu kuufunga, maji yanakesha yanatembea barabarani hata kiangazi jua kali, nimeiona hiyo Kibosho, nimeiona Machame, nimeiona mpaka upande wa Meru. Meneja wa TARURA hawezi kuja kufunga mfongo wa ukoo wako.

Hilo ni la kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, sio wanaume peke yao na sio wenye viti vya mbele. Nendeni na ajenda moja tu ya mitaro, wapitishe kwamba aliyeziba anazibua na anayetaka kuingiza gari kwake anaweka bomba kwa gharama zake, halafu pigeni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama wazee wetu walivyokuwa wanafanya kwenye mifongo hiyo hiyo. Mkishafanya hayo ndo muiombe TARURA vitu ambavyo jembe haliwezi, kalvati mahali mfongo unapovuka, na zege pale kwenye mlima mkali tu, mita mia mbili hivi. Maombi ya lami mpaka juu yanapendeza kwenye kampeni, ila mita mia mbili za zege mahali sahihi ndo zinafanya Hiace ipande Aprili. Na ombeni pa kugeuzia gari pale mwisho. Usicheke, kuna dereva wengi hawafiki juu kwa sababu tu wakifika itabidi warudi rivasi.

Naomba kuuliza swali la historia. Wazee wanasema zamani watu wote walikuwa mlimani na huku chini ni pori la wanyama na malaria. Kwa nini sasa Mjerumani reli akaipitisha porini badala ya kuwafuata watu? (Mwanafunzi, Moshi)

Kwa sababu garimoshi halipandi mlima kama ule, na mzungu alifuata mzigo, mambo ya nauli ya babu yako hayakuwa kichwani kwake. Reli ilianzia Tanga ikaja chini ya milima ya Usambara na Upare, ikafika Moshi 1911. Boma la Wajerumani kabla ya hapo lilikuwa mlimani, Old Moshi, ndo maana ya hilo "Old", reli ilipoishia tambarare ofisi nazo zikashushwa, maduka yakafuata, na hiyo ndo Moshi unayosomea. Kwa hiyo mji wenu ni mtoto wa stesheni kabisa. Mwingereza akaja akaisogeza mpaka Arusha mwaka 1929. Hapo katikati abiria walisahauliwa miaka mingi, treni ya abiria kutoka Dar ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Kama una muda fuatilia pia Himo, Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru, uone jinsi kila penye njia panda watu walivyojazana, wengi wao ni wale wale walioshuka kutoka vijiji vya juu. Utapata tasnifu nzima hapo na mimi sitakudai kitu.

Kaka naomba msaada wa haraka. Mke wangu ana ujauzito wa miezi nane, tuko kijijini juu, gari la mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Boda usiku anataka elfu 15 na njia ni mawe matupu. Ikitokea uchungu usiku nifanyeje? (Baba mtarajiwa, Rombo)

Hii nimeiweka mwisho lakini wewe soma kwanza. Piga 115, ni bure. Ni mfumo unaitwa m-mama, upo kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua ambao hawajamaliza siku 42, na vichanga mpaka siku 28. Anapokea mtu anakuuliza maswali, mgonjwa yupo wapi, ana dalili gani, halafu wanatafuta gari la wagonjwa, na kama liko mbali wanampigia dereva wa kawaida wa maeneo ya karibu aliyesajiliwa nao, na analipwa na mfumo sio na wewe. Usikubali dereva wa m-mama akudai hela.

Ila usikae ukaitegemea hiyo peke yake, mtandao wa simu huko juu unaujua mwenyewe. Kliniki ijayo nenda naye, muulize nesi dereva wa m-mama wa karibu na kijiji chenu ni nani, muone mchana, akujue na ajue unapokaa, njia ya kufika usiku haielekezeki kwa simu wakati mtu analia. Kama nesi kasema ana presha au alishawahi kupasuliwa, au hata kama mna ndugu tu anaishi jirani na hospitali, mshushe wiki za mwisho akakae huko, mama mkwe atanuna kidogo atazoea. Boda kwa mama mwenye uchungu mimi siishauri kabisa, na wewe nyuma yake mkawa mshikaki, watu watatu pikipiki moja, ndo mmemaliza, lakini kama hakuna kingine kabisa basi boda aende taratibu na wewe uchukue boda ya pili. Hiyo elfu 15 kaongee na mwenyekiti wa kijiwe kabla, vijiwe vingi wakiambiwa mapema ni mjamzito wanaweka bei ya ubinadamu, wakiambiwa saa nane usiku wanaweka bei ya saa nane usiku.

Damu ikianza kutoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto ameacha kucheza, usisubiri uchungu wala usisubiri kupambazuke, piga saa hiyo hiyo.